Mitutu Inayong'aa Nje

Jumamosi, 3 Novemba 2007

Mitutu saba leo. Muna ananyonya ziwa la kushoto, kijiti cha kusafishia mkono wa kulia. Kitambaa kikavu kwanza, kinatoka cheusi. Halafu kitambaa chenye tone la mafuta ya silikoni. Halafu kikavu tena, na tena, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Mafuta yakibaki ndani gololi inateleza na kwenda ovyo. Said hilo hajalishika hadi leo. Anadhani kila chuma kinapenda mafuta.

Bunduki zenyewe ni za mchezo. Zinatema gololi za plastiki ndogo kama punje ya mtama. Watu wazima wanavaa miwani mikubwa na kufukuzana kwenye shamba kavu la kina Yahya, nyuma ya Firq, kila Ijumaa baada ya swala. Karani, mwalimu, mtu wa benki, wote wanarudi watoto. Mume wangu Said na mwenzake Yahya wanazikodisha. Mitutu ya ndani, ile mirija ya shaba ambamo gololi inapita, ni kazi yangu. Nilipewa kwa sababu nina vidole vyembamba. Nimebaki nayo kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka.

Miwili imekwaruzika ndani. Sijui kwa nini. Wiki iliyopita ilikuwa safi.

Ukwaju umekwisha tena jikoni. Nani anaunywa?

Jumatatu, 5 Novemba

Kaka Hamed amepita asubuhi na lori lake. Anabeba samaki kutoka Ashkhara mpaka Dubai, na kila akirudi ananiletea mitutu niliyomwagiza, imefungwa nailoni. Yote inanuka nguru. Amekunywa kahawa kwa kusimama, akambusu mwanangu Sleiman kichwani, akaondoka. Analala Ibra leo.

Nimemwagiza mipana kidogo. Said anapenda myembamba kwa kuwa inapiga kwa nguvu. Ni kweli inapiga. Lakini shamba lile ni vumbi tupu, na kwenye mtutu mwembamba chembe moja tu inaikwamisha gololi. Wa kukodisha anataka bunduki isiyokwama. Na sitaki nguvu. Yale ni macho ya watu. Hapo Said na mimi tulivutana mwezi mzima, nikashinda.

Mipya nimeibiringisha juu ya kioo cha meza, mmoja mmoja. Uliopinda unacheza, unaona mwanga chini yake. Yote imenyooka. Nimeielekeza dirishani na kuchungulia. Ndani pete za mwanga, moja ndani ya nyingine, sawa kabisa. Hamed amechagua vizuri.

Ijumaa, 9 Novemba

Said amerudi amenuna. Bunduki nne zimepiga kombo. Gololi inatoka, inakwenda kidogo, inakata kushoto kama imeitwa. Mteja mmoja amemwambia: "Hii bunduki yako, sheikh, kanipe manati." Wamecheka shamba zima.

Nilisafisha mwenyewe Jumamosi. Nilichungulia mwenyewe.

Nimempa chakula.

Jumamosi, 10 Novemba

Minne imekwaruzika. Si mikwaruzo ya vumbi. Vumbi linachora urefu, gololi inaliburuta. Hii inazunguka, kama mtu ameingiza kitu na kukisokota. Nje lakini inang'aa kama mipya. Inang'aa kupita ilivyokuwa.

Said ameuchukua mmoja, akaugeuza mara mbili. "Shaba gani hii? Shemeji samaki anamjua. Mtutu hajui. Au anajua sana." Yahya ndiye aliyemtia maneno hayo. Yahya anasema Dubai kuna mitutu ya uongo, inapakwa rangi ya shaba, na ndugu yangu anatuletea hiyo.

Niliiona ikifika. Ilikuwa mizuri. Nimesema hivyo. Said akasema unamtetea kwa kuwa ni wako.

Ni wangu. Mama yuko Tabora, baba kafa. Nchi hii nina Hamed tu.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimewaza usiku, nimewaza mchana. Nilivyoona mimi, inabadilishwa. Mtu anachukua mizuri na kurudisha mibovu iliyosuguliwa ipate kufanana. Nani mwenye karakana? Yahya. Nani ana mashine ya kusugua? Yahya. Na Yahya huyohuyo anamtaja Hamed. Mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele.

Nimefanya jambo. Nimetia nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kila mtutu, nyuma, pale kinapoingia kimpira kinachoshika gololi. Haionekani ukiwa ndani ya bunduki. Sijamwambia mtu.

Mchana nililala kidogo na Muna. Nimeshtuka, mlango wa chumba umeachwa wazi kidogo. Nilikuwa nimeufunga. Mama mkwe huyo. Anakuja kunichungulia. Bi Zuhura wa Unguja aone mke wa bara anavyolala mchana. Amewahi kuniambia, kwa kucheka, "Huko kwenu Tabora jua likipanda watu hulala, eeh?" Nilicheka pia. Haikuniingia vizuri.

Jumatano, 14 Novemba

Sleiman ana homa. Kutwa hospitali, tumerudi alasiri. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 16 Novemba

Hamed alipita shambani leo, Said anasema. Alikuwa njiani, akasimama kutazama, akashika bunduki mbili tatu, akapiga kopo. Said ananiambia hayo huku ananitazama usoni.

Jumamosi, 17 Novemba

Nukta hazipo.

Hata moja. Nimeleta taa. Nimekwangua kwa ukucha. Hakuna rangi. Shaba safi, inang'aa, na ndani imechorwa mizunguko mitupu.

Basi imebadilishwa. Yote. Nilimwita Said nikamwonyesha, mpumbavu mimi. Nilitaka aone kuwa ni wizi, na wizi una karakana. Yeye akaona kingine. Ijumaa nani mgeni alikuwepo? Hamed. Nani anajua pa kupata mingine ya kufanana? Hamed. Nimemjengea kesi ndugu yangu kwa rangi yangu ya kucha.

Wamezungumza kwa simu, Said kasimama uani. Sikusikia ya upande wa pili. Upande huu nilisikia. "Basi, khalas. Usituletee tena kitu. Na hiyo Idi kaa kwako."

Idi ya mwaka jana Hamed ndiye aliyenisaidia kufunga nyama ya shuwa, ile ya kufukia shimoni, kwenye majani ya mgomba. Watoto walilala mapajani mwake.

Mama mkwe ameuliza kuna nini. Said akasema mambo ya bunduki, Mama, usijali. Akarudi kwenye sinia zake.

Jumapili, 18 Novemba

Hamed amenipigia. Yuko barabarani, nasikia lori linavyonguruma. Hakupiga kelele. Amesema: "Mimi nauza samaki, Raya. Samaki hata ukimdanganya mtu, ananuka mwenyewe. Mwambie mumeo angoje tu, kitu kitanuka."

Nilitaka kumwambia namwamini. Niliuliza kama aliichukua. Ilinitoka tu. Nikasikia gia ikiingia. Akasema nisalimie watoto.

Jumanne, 20 Novemba

Leo nimeipanga yote juu ya kioo. Kila mmoja nimeubiringisha. Saba imenyooka. Wa nane umecheza kidogo mwishoni.

Nimeuinua. Mdomoni una kishimo kidogo. Nakijua hicho kishimo. Mwezi uliopita Muna aliupiga teke mikononi mwangu, ukaanguka mdomo chini juu ya marumaru. Nikautoa kwenye bunduki tangu siku ile, maana mdomo ukiumia ndiyo basi, gololi inaaga vibaya. Haujaenda shamba tena. Umekaa sandukuni, hapa, juu ya kabati la chumba changu.

Nukta yangu niliutia nao. Nukta haipo. Ndani mizunguko.

Nimekaa chini.

Haikubadilishwa. Ni ileile. Mtu ameisugua, nje na ndani, na ameisugua hapahapa. Yahya haingii chumbani kwangu. Hamed anaishia barazani.

Jumatano, 21 Novemba

Asubuhi nimeweka mmoja mpya, niliokuwa nimeuficha kwenye nepi. Nimeuchungulia mara tatu. Safi. Nikauweka sandukuni na wenzake. Hamed aliniletea huu. Ukiharibika nitajua siku.

Said amerudi kazini mapema. Nimemkuta amesimama karibu na kabati. Anasema anatafuta chaja ya simu. Chaja iko jikoni siku zote.

Alhamisi, 22 Novemba

Umeharibika.

Siku moja. Ndani ya nyumba.

Nyumba ina watu wazima watatu. Mimi sikufanya. Mama mkwe hajui hata bunduki inashikwaje, anaziita makorokoro. Anabaki mmoja. Alikuwa karibu na kabati.

Kwa nini? Nimejiuliza kutwa. Labda Yahya anataka kuleta mitutu yake mwenyewe, na Hamed anamzibia njia. Ukitaka kumtoa mtu bila kugombana, mharibie mzigo. Au labda Said amechoka na ndugu yangu siku nyingi, na hakujua kusema. Labda amechoka na mimi.

Amekuja kuchukua sanduku. Nimelikalia. Kweli, nimelikalia, kama mtoto. "Haitoki hata moja mpaka nijue." Akasema watu wameshaweka nafasi. Nikasema wao wanavaa miwani tu, bunduki ikipiga kombo inampata mtu sikio, jino. Haitoki. Hajawahi kuniona hivyo. Ameondoka bila kula.

Chai yake nimeimwaga. Sikumwagia mtu, niliimwaga tu.

Ijumaa, 23 Novemba

Hakuna mchezo. Said amelala sebuleni tangu swala. Ananiangalia, namwangalia. Mama mkwe ametuangalia sote wawili, akamchukua Muna, akatoka naye mpaka kwenye mfereji wa falaji kumwonyesha maji.

Jumamosi, 24 Novemba

Sijaweza kuiacha. Nimerudi kwenye ule mpya.

Nyuma ya mtutu kuna dirisha dogo limekatwa, kimpira kinachungulia humo. Pembeni ya dirisha hilo, kwenye ukingo, kulikuwa na kitu kimenasa. Kiuzi. Cha kahawia, kigumu. Nilidhani ni cha kitambaa. Vitambaa vyangu vyeupe, nakata dishdasha kuukuu za Said.

Nimekivuta kwa sindano. Nimekinusa. Halafu, sijui kwa nini, nimekitia ulimini.

Uchachu.

Ukwaju.

Nimekaa na kile kiuzi ulimini muda mrefu. Kisha nikatoka nikaenda kutazama ukuta wa sebule. Sinia kubwa la shaba. Birika. Dele za kumiminia kahawa. Kile chetezo cha udi alichokuja nacho Bi Zuhura kutoka Unguja, ndani ya kanga. Vyote vinawaka. Kila wiki vinawaka. Nimeishi humu miaka mitano sijauliza vinawakaje. Nilidhani shaba ya Unguja iko hivyo yenyewe.

Said alipita nyuma yangu. Sikuweza kumtazama, na safari hii si kwa hasira.

Jumatano, 28 Novemba

Nimengoja Jumatano, maana ule mpya uliharibika Jumatano. Nimesema nampeleka Sleiman dukani, nikampeleka kwa jirani, nikarudi kwa mlango wa nyuma.

Bi Zuhura yuko nyuma ya jiko, juu ya kibao cha mbuzi, miguu kanyosha. Mbele yake sinia, bakuli la ukwaju uliorowekwa, majivu ya makaa kwenye kopo. Na sanduku langu. Ana ukuti wa mtende kauchonga mwembamba, kauzungushia kitambaa, kachovya kwenye ukwaju na majivu, anasokota ndani ya mtutu. Anasokota kwa bidii. Amefunga jicho moja, anachungulia mbinguni, anasokota tena. Anaimba kidogo, bila maneno.

Majivu yale yana mchanga. Jiko la makaa liko chini, upepo unapita.

Ameniona. Hakushtuka. Ameona haya kidogo tu, kama mtu aliyekutwa anampa mtoto peremende.

"Lo, umenikamata."

Nimekaa chini pale mavumbini. Nimeuliza tangu lini, Mama.

"Tangu nilipokukuta umelala na kile kijiti mkononi, na mtoto kakuganda ziwani. Nikasema, mtoto wa watu huyu atakufa na makorokoro ya mwanangu. Na mimi shaba ndo kazi yangu tangu sijavunja ungo. Basi kila nikitoa sinia zangu, na vidude vyako navipitia. Mchana unalala, n'nafungua mlango polepole, n'nachukua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ili unishukuru? Wema ukishasemwa umekwisha. Na ungenikataza. Nyie watu wa bara mna adabu ya kukataa."

Sikujua nicheke au nilie. Ananifungulia mlango nilale, mimi nimeandika humu ananipeleleza. Nimelirudia lile jani la daftari nikalisoma. Sikulichana. Libaki.

Nimemwambia. Sikutaka, lakini nisipomwambia wiki ijayo atasugua tena. Nimemshikisha mtutu nikamwelekeza juani, nikamwomba atazame ndani kisha atazame ule mmoja mpya wa mwisho, niliokuwa nimeuficha. Ametazama huu. Ametazama ule. Akatazama huu tena.

"Huu una duara duara," amesema.

"Ndio, Mama."

"Na huu nimeutia ukurutu."

Akaweka ukuti chini. Akajifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Akauliza kama ndicho kilichomgombanisha Said na Hamed. Nikasema si hicho tu. Amejua ni uongo.

Alhamisi, 29 Novemba

Usiku kucha nimepanga. Nikimtaja mama yake, Said ataona aibu kwa mama, mama ataona aibu kwa Hamed, na mwanamke yule hatagusa tena kitu cha nyumba hii. Nisipomtaja, Hamed anabaki mwizi. Basi nimtaje Raya.

Wakati wa chakula nimesema. Ni mimi niliyeiharibu. Niliisugua kwa ukwaju na majivu, nilidhani itasafika zaidi, nikaogopa kusema. Hamed hana kosa.

Said ameacha kula. "Wewe? Wewe unayenikataza hata tone la mafuta?"

Nikasema ndio.

Mama mkwe alikuwa amemshika Muna. Akampa Said mtoto, ili awe na mikono, nadhani. "Raya, mwanangu, usinibebee. Mimi si kitoto." Akamgeukia Said. "Hivyo vidude nimevisugua mimi. Miaka yote hii hakuna shaba iliyonishinda, imekuja kunishinda ya mchezo wa watu wazima. Sasa mkeo asema uongo mbele ya wali, na shemeji yako mmemwita mwizi, na wewe umekaa. Umekaa unangoja nini?"

Muna akamvuta Said ndevu.

Nilidhani ningefurahi. Kwa wiki nzima nililala kando ya mtu huyu nikiamini ananivunjia ndugu yangu kwa makusudi. Hajui. Sijui kama nimwambie.

Jumamosi, 1 Desemba

Said amekwenda Ibra, kwa njia ya Sinaw. Hakusema anakwenda kufanya nini. Amechukua halwa, bakuli kubwa. Mtu hapeleki halwa kwa mtu anayemdai.

Amerudi magharibi. Amesema Hamed alikuwa anaosha lori, akamwacha amesimama juani mpaka alipomaliza kuosha. Lote. Na magurudumu. Halafu akampa maji ya kunywa.

"Alisema nini?"

"Alisema, hujambo shemeji, kumbe kimenuka."

Nimecheka mpaka Sleiman akaamka. Kisha nimemwambia Said kuhusu kabati na chaja. Nilivyomdhania. Akasema, chaja nilidhani iko huko. Akasema, nami nilikudhania, nilidhani unamfichia. Tukalala. Hatukuwa na furaha yoyote. Lakini tulilala.

Jumanne, 11 Desemba

Mitutu sita mipya, ya Hamed. Mipana kidogo, kama nilivyotaka. Ameileta mwenyewe mpaka barazani, hajaingia ndani. Bado. Alipomwona Said alisema salamu alaykum na kutazama pembeni. Alinitazama mimi vizuri, lakini si kama zamani. Nilimuuliza swali lile kwenye simu. Hilo ni langu mimi, si la ukwaju.

Jumamosi sasa nasafisha na Bi Zuhura amekaa karibu. Kitambaa kikavu, cha mafuta kidogo, kikavu. Nimempa kazi ya kuchungulia. Jicho lake la kushoto bado zuri. Hasemi safi wala chafu. Anasema "ina duara" au "haina duara". Nikisinzia ananipokonya kijiti na kuniambia nilale, na halafu hakitumii. Anakaa nacho tu mpaka niamke.

Jumatano, 19 Desemba

Kesho Idi. Sinia zimesuguliwa, mitutu yangu haikuguswa.

Hamed amefika alasiri na nguru mzima ndani ya barafu. Ameingia. Amevua viatu mlangoni, akauliza pa kumweka samaki, kama mtu ambaye hajawahi kukosekana. Said amempokea. Wamekwenda wote kumkata samaki nje. Sikusikia wanasema nini, nilisikia kisu.

Ile mitutu iliyokwaruzika Said alitaka kuitupa. Mama mkwe ameuchukua mmoja, ule wenye kishimo mdomoni. Jioni hii amekaa na chetezo chake, makaa hayataki kushika. Ameutia mdomoni, upande wa pili kwenye makaa, akapuliza taratibu. Makaa yakawa mekundu. Akaweka udi.

Sleiman anataka na yeye apulize. Amempa.

Nyumba nzima inanuka vizuri. Muna amelala. Nami naenda kulala.